Mkwe Wangu Alipoongea na Pompe

Mimi nilisoma mpaka mwaka wa pili wa shule ya msingi. Kisha baba akasema msichana akishajua kuandika jina lake inatosha, mihogo inangoja shambani. Kwa hiyo hesabu kubwa sizijui. Lakini kuna kazi moja ninayoijua kuliko mafundi wengi wenye diploma, nami nasema bila haya: ninajua kuyaongoza maji ya moto ndani ya tiyo za chuma, yaende ninakotaka mimi na si yanakotaka yenyewe.

Watu wa Baraka wakinisikia wanacheka. Kwao ziwa liko mlangoni na jasho liko shingoni mwaka mzima, nani atataka kuwashia nyumba moto? Lakini mimi nilifanya kazi Fizi, juu milimani, kwenye maternite ya misioni, wanakojifungulia wamama. Kule msimu wa mvua ukungu unaingia dirishani mpaka shuka zilizoanikwa ndani zinalowa upya. Mtu mzima anajifunika. Mtoto aliyezaliwa kabla ya siku zake, hata umfunike kwa vikwembe vitano, hana moto wake mwenyewe wa kuvipasha.

Majina ya watu wa kisa hiki ninayo yote. Ninayo hata ya watoto waliopita katika maternite ile, na ya mama zao, na nani alikuja na mbuzi kushukuru na nani hakuja. Nikichambua majani ya sombe ninayataja kimoyomoyo, na sijapoteza hata moja. Lakini hapa sitayaandika. Wengine wako hai na wana mambo yao, wengine walikufa na sitaki ndugu zao wayakute kwenye karatasi. Nitasema mkwe wangu, binti yangu, mkunga. Wenyewe wakisoma watajijua.

Mashine ya kupasha vyumba joto iliachwa na padri mmoja mzee wa Ulaya, mtu wa mikono, aliyerudi kwao kabla ya vita. Nyuma ya maternite alijenga jiko la mawe na juu yake akaweka pipa la chuma lililojaa maji. Mdomo wa jiko ulikuwa nje, ili moshi usiwafikie wazazi. Upande wa pili wa jiko kulikuwa na kibanda cha mbao, na ndani yake pompe ndogo ya kijani, ukubwa wa papai, iliyokula umeme wa plake za jua na bateri mbili. Ilikuwa na kifungo cha mwendo: moja, mbili, tatu. Pompe ilisukuma maji ya moto kutoka pipani, yakapita katika tiyo kwenye ukuta wa chumba cha kufulia, kwenye sali ya kulala wamama, na mbali kabisa, mwisho wa jengo, kwenye chumba cha watoto wasiotimia. Kila chumba kilikuwa na robine yake ya kufungua na kufunga. Maji yakishatoa joto lake yalirudi pipani, nami nikayapasha tena.

Kazi yangu ilikuwa kufua shuka na kulisha moto. Fundi wa pompe alikuwa mume wa binti yangu. Na hapo ndipo palipokuwa na shida.

Kwetu mama mkwe na mkwe hawakai chumba kimoja. Hawatazamani usoni, hawapeani kitu mkono kwa mkono, na mkwe hatamki jina la mama mkwe wake hata akiwa na homa. Ni heshima, na sisi tuliishika. Kibanda kile kilikuwa na mlango mmoja na nafasi ya watu wawili waliobanana. Kwa hiyo miaka minne nilikaa nje kwenye mdomo wa jiko, yeye ndani na pompe yake, ukuta wa mbao katikati yetu, na sikuingia hata siku moja. Akifika asubuhi alikuwa anakohoa mara mbili kwenye kona, ili nipate muda wa kuondoka nikateke maji au nikaanike nguo. Mkunga alikuwa anatucheka. Alisema sisi wawili ni kama jua na mwezi, tunashikilia mbingu moja bila kukutana.

Lakini masikio hayana ukwe. Nilikuwa nakaa na moto wangu na ninaisikia pompe. Nilijua ikishiba inavuma kama nyuki ndani ya kibuyu, na ikikosa raha inatoa sauti nyembamba, kama mtoto anayeanza kutafuta sababu ya kulia.

Vita vya kwanza vilitupita kwa mbali. Vile vya pili vilipanda mpaka kwetu. Watu wakashuka ziwani, wengine Mboko, wengine Baraka, wakitafuta mitumbwi ya kuvuka kwenda ng'ambo. Basoda, wenye bunduki, walikuwa wanakamata vijana wa kubebea mizigo porini, na mwenye kujua kazi ya mikono walimtafuta kwanza. Mkwe wangu ilibidi aondoke. Binti yangu hakuweza: mimba ilikuwa ya miezi saba, miguu imevimba hata kandambili haziingii, na kutoka Fizi kushuka mpaka ziwani ni siku nzima kwa mtu mwenye afya.

Mkwe alikataa kumwacha. Mkunga ndiye aliyemwita uani akamwambia, nasi sote tukasikia:

"Baba, ukibebwa porini, mutoto atakuwa bila baba. Ukivuka maji, atakuwa na baba iko ng'ambo. Chagua."

Asubuhi iliyofuata nilikuwa kwenye jiko. Nikasikia kikohozi mara mbili kwenye kona, nikainuka niondoke. Kabla sijapiga hatua, mlango wa kibanda ulifungwa na yeye akaanza kusema.

"We pompe," alisema, "mi naenda leo. Sijue nani atakuchunga. Kama mama mukwe wangu angekuwa hapa karibu, ningemuomba asikilize vizuri. Lakini naona hayuko."

Nikakaa chini polepole, mgongo kwenye mbao. Nikaziambia kuni zangu:

"Kuni, tunyamaze. Kuna muntu anasema na pompe."

Akasema na pompe kwa muda mrefu, na mimi nikajifunza. Alieleza kwamba kati ya tiyo ya kwenda na tiyo ya kurudi, humo humo kibandani, padri aliunganisha tiyo fupi, urefu wa kiganja mpaka kiwiko, yenye gurudumu jekundu la kufungua. Ile ni njia ya mkato. Vyumba vikifungwa, maji yanayosukumwa hayana pa kwenda, na pompe itasukuma ukuta mpaka ijiue. Ukifungua mkato, maji yanapita pale na kurudi nyumbani, pompe inapumua.

"Lakini maji ni muvivu," alisema. "Ni kama mutoto unamutuma soko, anafika kwenye kona, anarudi kukuambia soko ilifungwa. Ukifungua mukato sana, maji yote itapita pale, haitafika kwa batoto. Shika tiyo ya kwenda, shika tiyo ya kurudi. Kama zote zinachoma sawa, ujue yamekudanganya."

Kisha akaiambia pompe kwamba wagonjwa wamekimbia, kwa hiyo anafunga vyumba vyote na kuacha chumba cha kufulia tu, na mkato anaufungua mpaka mwisho ili pompe isiumie. Siku watu wakirudi, mkato nao ufungwe kidogo kidogo.

Swali lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Kidogo kidogo mpaka wapi? Mizunguko mingapi? Mwingine yeyote angeuliza. Mimi kuuliza kungekuwa kumjibu, na kumjibu kungekuwa kukubali kwamba nipo. Nikalimeza. Yeye naye nafikiri alingoja, kisha akaweka ufunguo wake wa kubania kwenye kizingiti, juu ya jani la mgomba. Akakohoa mara mbili. Nikageuza uso mpaka hatua zake zikaisha.

Siku ya nne baada ya hapo chupa ya maji ya binti yangu ikapasuka.

Mtoto alikuja asubuhi, msichana, amebeba ngozi ambayo bado haijajazwa. Angelala ndani ya sufuria ya wali. Alilia mara moja, kidogo, kisha akanyamaza. Mkunga akaniambia nifungue chumba cha watoto haraka, na mimi nikakimbia nikafungua robine ya kule, nikafunga ya kufulia, nikarudi kwenye moto. Niliweka kuni kavu tu, za kuchagua, maana kuni mbichi zinatoa moshi na moshi wakati ule ulikuwa unaita watu usiowataka.

Nikapika moto mpaka pipa likaanza kunguruma. Nikaenda kushika tiyo kwenye chumba cha mtoto. Baridi, kama maji ya ziwa asubuhi. Nikaongeza kuni. Nikangoja. Baridi.

Binti yangu alikuwa na homa na anatetemeka, damu ilikuwa bado inamtoka, hatukuweza kumlaza mtoto juu yake. Mkunga alimfunga mtoto kifuani mwake, ngozi kwa ngozi, ndani ya kikwembe, lakini kila akiinama kumshughulikia mama, mtoto alikuwa anabanwa na kukosa hewa. Hakunificha.

"Mama wa moto," alisema, "mi niko na bagonjwa bawili na kifua kimoja. Nipe hiki chumba, ao tutamupoteza moja."

Midomo ya mtoto ilikuwa imeshaanza kuwa na rangi ya zambarau.

Nikaingia kibandani. Ndiyo mara yangu ya kwanza, na sitaficha: nilikohoa mara mbili kabla ya kuingia, ingawa mwenyewe alikuwa ameshavuka ziwa. Nikatazama kifungo cha mwendo, kilikuwa kwenye mbili. Nikawaza anavyowaza kila asiyejua: joto halitoshi, basi ongeza nguvu. Nikaweka tatu. Pompe ikanguruma, mbao zikatetemeka, nikafurahi. Nikakimbia chumbani. Tiyo baridi. Nikarudi, na taa ndogo ya bateri iliyokuwa kijani imegeuka njano. Ilikuwa siku ya pili bila jua, mawingu yamekalia mlima kama kuku anayeatamia. Bateri ikiisha, hata moto wa dunia nzima hautafika kwenye chumba kile.

Nikaegemea ukuta nipumue, na mkono wangu ukagusa tiyo ya kurudi. Nikauondoa haraka: imechoma.

Sasa, mimi ni mfuaji. Mikono yangu inajua maji kabla kichwa hakijajua: maji baridi ya kutoa damu kwenye shuka, ya vuguvugu ya nepi, ya kuchoma ya kuua chawa. Nikashika tiyo ya kwenda: ya kuchoma. Nikashika tena ya kurudi: ya kuchoma vile vile. Nikasikia sauti ya mkwe wangu kama yuko nyuma ya mbao. Zikichoma sawa, ujue yamekudanganya.

Maji yangu yalikuwa yanafika kwenye kona na kurudi. Ile njia ya mkato ilikuwa wazi mpaka mwisho, kama alivyoiacha, na kule kuongeza mwendo kulikuwa kuwakimbiza tu wavivu wale warudi nyumbani haraka zaidi.

Nikarudisha kifungo kwenye mbili. Nikashika gurudumu jekundu, likakataa, nikalibana kwa ule ufunguo wa kizingitini, likakubali. Lakini nifunge mpaka wapi? Nikifunga kidogo, mtoto atakufa kwa baridi. Nikifunga sana, pompe itasukuma ukuta na kuungua, na mtoto atakufa vile vile. Lile swali nililolimeza kwa heshima lilikuwa limerudi, na sasa halikuwa na wa kulijibu.

Nikaamua kwenda robo kwa robo, kama unavyotia chumvi kwenye mboga ya wageni. Na kwa kuwa nilikuwa naogopa kupotea katika kuhesabu, sikuhesabu kwa namba. Nilihesabu kwa majina. Kila robo ya mzunguko nilitaja jina moja la mtoto aliyewahi kupona katika chumba kile, kwa mpangilio walivyokuja. Jina la kwanza, robo, nikashika tiyo, nikasikiliza. Jina la pili, robo. Yule wa tatu, ambaye mama yake alitoka Misisi kwa machela. Wa nne na wa tano walikuwa mapacha, nikawapa kila mmoja robo yake.

Kwenye jina la saba tiyo ya kurudi ilianza kushikika bila kuchoma. Kwenye la tisa ikawa maji ya nepi. La kumi. La kumi na moja, pompe ikavuma kama nyuki ndani ya kibuyu. Nikataja la kumi na mbili, nikazungusha, na ile sauti nyembamba ikaanza, ya mtoto anayetafuta sababu. Nikarudisha robo moja. Nikamwomba msamaha mwenye jina.

Sikukimbia tena kwenda chumbani. Nilitembea. Nilikuwa naogopa kufika. Mkunga alikuwa amepiga magoti, ameweka shavu lake kwenye tiyo ya chini kabisa, amefumba macho.

"Imefika," alisema.

Tukasogeza kitanda ukutani. Kabla jua lisiloonekana halijazama, dirisha la chumba lilikuwa na jasho, na yule mtoto alilia, si kilio cha kwanza kile cha kuomba ruhusa, bali kilio cha mtu mwenye nyumba.

Taa ya bateri ilikuwa bado ya njano. Nikajaribu kitu ambacho hata kwenye maongezi na pompe hakikusemwa: nikaweka kifungo kwenye moja. Nikashika tiyo. Maji yalikuwa yanaenda polepole, lakini yalikuwa yanafika, na bateri ilikula kidogo. Tukaenda hivyo mpaka siku ya nne jua lilipotoka. Moto haukuzimika na pompe haikulia. Niliyefanya hivyo ni mimi, wa mwaka wa pili wa shule ya msingi.

Mtoto alikaa katika chumba kile mpaka mashavu yakaja. Binti yangu alipona, akanyonyesha. Jina hatukumpa. Kwetu baba akiwa hai ndiye anayengojwa, na sisi tulikuwa tumeamua kwamba yuko hai. Watu wakiuliza tunasema, "Mutoto." Mkunga alimwita mpangaji.

Hata siku hizi nikikumbuka najisikia mgongo unanyooka. Baada ya vita alikuja fundi mmoja kutoka mjini, na viatu vyake vizuri, kukagua ile mashine. Akaweka kifungo kwenye tatu bila kuuliza.

"Koko, hii ndiyo iko na nguvu," aliniambia; Koko kwetu ni bibi.

Nikamwuliza nguvu ya kwenda wapi. Nikamshika mkono, nikauweka kwenye tiyo ya kwenda, kisha kwenye ya kurudi. Akarudisha kifungo mwenyewe. Jioni alikula bugali na ndakala, dagaa wa ziwani, kwangu, akaniuliza nilisomea wapi. Nikamwambia nje ya ukuta.

Lakini nilikuwa nasema juu ya mkwe wangu. Mvua zilikwisha, zikaanza nyingine, na mtoto alikuwa anakaa peke yake juu ya mkeka. Asubuhi moja nikiwa kwenye jiko nikasikia kikohozi kwenye kona, mara mbili.

Sikuinuka. Nikageuza tu uso kwenye moto. Nilisikia hatua zikipita nyuma yangu, mlango wa kibanda ukafunguliwa, ukafungwa. Binti yangu alikuwa ameshamwona, mtoto alikuwa ameshamshika, nilijua kwa sababu nilisikia harufu ya mafuta ya mtoto ikipita naye. Kisha nikasikia gurudumu jekundu likizungushwa, robo, robo, likafika mwisho, na likarudishwa tena lilipokuwa.

"We pompe," alisema, "nani alikugusa? Mi nilikuacha mukato wazi kabisa."

Nikaziambia kuni:

"Kuni, muambie pompe: majina kumi na moja."

Hakuelewa majina ni nini, lakini robo alikuwa amezihesabu. Aliiambia pompe kwamba majina kumi na moja ni mizunguko mitatu kasoro robo, na kwamba yeye mwenyewe siku zote alikuwa anafunga mitatu kamili, na ndiyo maana ilikuwa inalialia asubuhi na yeye hajui kwa nini. Akasema ataiacha hivyo hivyo, kasoro robo, na mtu asiiguse.

Halafu akaliacha gurudumu. Nilisikia anavuta pumzi kama mtu anayetaka kunyanyua gunia.

"Pompe," alisema, "mutoto wangu hajapata jina. Nakuambia we wa kwanza, juu we ndiye ulimulinda na ule aliyekushika. Jina yake ni hii."

Na akalitaja jina langu. Lote, na la ukoo, polepole, mtu ambaye kwa miaka yote ile hakuwahi kulipitisha kwenye ulimi wake. Tangu siku hiyo hajalisema tena. Binti yake yeye humwita Koko tu, ili asilitaje jina la mkwe, kama desturi inavyotaka. Lakini siku ile alilisema, nami nilikuwa nimekaa nje, mgongo kwenye mbao, ninasikia.

Nikaongeza ukuni mmoja, ingawa moto haukuuhitaji.